Mtambo wa Kukodi

Mwalimu wangu wa redio alizeeka baharini bila kuajiriwa na mwenye meli hata siku moja. Meli ilikuwa ya watu wengine. Alikula meza moja na maofisa wake, na nahodha akimwamsha usiku alikuwa anaamka. Mshahara, hata hivyo, ulitoka Chelmsford, Uingereza, kwa kampuni ya Marconi. Yeye na redio yake walikuwa wamekodishwa pamoja. "Mimi ni spea, wanangu," alituambia vijana wa Mombasa tuliokwenda kwake jioni kujifunza kugonga Morse. "Spea iliyokuja na mtambo."

Haukuwa mzaha. Mwaka 1900 Guglielmo Marconi aliunda kampuni ya pekee kwa ajili ya meli, na mtindo wake wa biashara ulikuwa huo. Mwenye meli hakuuziwa redio. Alilipa kodi, na kwa kodi hiyo akapata mtambo, mtu wa kuuendesha, na ruhusa ya kuzungumza na vituo vya pwani vya Marconi. Vituo hivyo navyo viliamriwa kutojibu meli yenye mtambo wa kampuni nyingine, isipokuwa iwe hatarini. Mwaka 1902 Mwanamfalme Heinrich wa Ujerumani, ndugu yake Kaiser, alikuwa akirudi kutoka Marekani kwa meli ya Deutschland na akataka kumpelekea Rais Roosevelt salamu za shukrani. Redio ya meli ilikuwa ya Kijerumani. Kituo cha Marconi kikakataa kupokea. Wajerumani walikasirika, wakaitisha mkutano Berlin mwaka 1903, na mwingine mwaka 1906, ambao ndio uliozilazimisha kampuni zipokeleane ujumbe. Mkutano huohuo wa 1906 ulipitisha SOS. Mimi huona ajabu kwamba alama ya kuomba msaada inayojulikana na kila mtoto ilipita katika kikao kilichosababishwa na ugomvi wa wafanyabiashara, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Vijana wawili waliokuwa wakigonga Morse usiku ule Titanic inazama, Aprili 1912, walikuwa watu wa Marconi. Meli ya Californian ilikuwa karibu, nayo ilikuwa na mtu mmoja tu wa redio, ambaye alikuwa ameshazima mtambo na kulala. Baada ya hapo dunia ikakubaliana kwamba redio ya meli isiachwe bila msikilizaji. Ajira yangu ilitoka hapo.

Nilipanda meli mwaka 1976, meli ya mizigo ya Wagiriki yenye bendera ya Liberia. Wakati huo wenye meli wengi walikuwa wakiajiri mtu wa redio wenyewe, lakini mitambo ilikuwa bado ya Chelmsford. Kisambazaji kilikuwa Oceanspan, kabati la chuma la rangi ya kijivu lililojaa vali za kioo, zenye joto la kutosha kukaushia soksi. Kipokezi kilikuwa Atalanta. Serahangi wetu, Mhindi wa Gujarat, hakujisumbua kujifunza jina langu. Aliniita Marconi, kama alivyowaita wote walionitangulia katika chumba kile.

Ukutani palikuwa na saa iliyopakwa rangi. Sehemu mbili zilikuwa nyekundu: dakika ya 15 hadi ya 18, na ya 45 hadi ya 48. Mshale ukiingia kwenye wekundu, kila meli duniani ilinyamaza kwenye kilohezi 500 na kusikiliza kama yuko mnyonge anayeita kwa sauti hafifu. Katika dakika nyingine zote masafa yale yalikuwa soko la samaki. Ungesikia meli ya Kirusi ikiita Odessa, ya Kihindi ikiita Bombay, na mimi nikingoja zamu yangu kwa Mombasa Redio. Kila mtu aligonga kwa mkono wake, na ukikaa miezi kadhaa kwenye njia moja ulimtambua mwenzako kabla hajataja jina la meli. Kisha mshale unafika dakika ya 15 na soko lote linanyamaza, bila mlinzi wala faini. Sijaona tena watu wa mataifa mengi hivyo wakitii jambo kwa pamoja namna ile.

Sheria ilinitaka nisikilize saa nane kwa siku. Zilizobaki niliachia kifaa kilichokuwa kikingoja alama maalumu, milio mirefu ya sekunde nne nne, 12 kwa dakika moja, ndipo kipige kengele chumbani kwangu. Waliokibuni Ulaya hawakuzijua radi za ikweta. Tulipokuwa tukikata Bahari ya Hindi msimu wa mvua, kengele ile iliniamsha usiku baada ya usiku kwa sababu ya radi.

Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ufundi. Nilibadilisha vali, nilipima betri za akiba, nilipanda juu kuosha vikombe vya kaure vilivyoshikilia antena, maana chumvi na masizi vikigandamana hapo umeme hutoroka. Rada ya Decca nayo ikawa mzigo wangu, ingawa mkataba haukuitaja. Decca ni ileile ya santuri tulizokuwa tukipiga nyumbani. Vita vya pili ndivyo vilivyoiingiza kwenye mambo ya meli, na rada yake ya kwanza ya meli za biashara ilitoka mwaka 1949. Mwaka 1980 kampuni ikagawanywa, santuri zikaenda PolyGram na rada zikaenda Racal.

Halafu wakaja Wajapani. Furuno ilianza Nagasaki mwaka 1948, ndugu wawili na chombo cha kupima kina kwa sauti, ambacho walikigeuza kiwe cha kutafutia samaki. Wavuvi wa huko hawakuamini kwamba sanduku lingeona kilichomo majini, ikabidi ndugu hao waingie baharini nao kuwathibitishia. Nadhani shule hiyo iliwafaa. Mtambo wao ulijua kwamba utalowa, utatikiswa na utashikwa na mikono yenye grisi. Meli yangu ya tatu ilikuwa na Furuno na JRC, Wajapani wenzao, kila mahali, na kabati la Oceanspan halikuwepo. Ndani hamkuwa na vali, mlikuwa na kadi za elektroniki. Ikiharibika moja unaichomoa, unaweka nyingine, mbovu unaitia kwenye boksi irudi kiwandani. Nilishukuru sana, usingizi uliongezeka. Kile chuma changu cha kulehemu kilianza kupata kutu.

Setilaiti sikuiogopa mwanzoni. Shirika la setilaiti la Inmarsat liliundwa mwaka 1979, na miaka michache baadaye nikaona kuba jeupe limefungwa juu ya meli yetu kama tenki la maji. Aliyeumia kwanza alikuwa nahodha. Zamani ofisi ya wenye meli huko Piraeus ilimfikia kupitia kwangu, kwa Morse, maneno yakihesabiwa kwa sababu kila neno lililipiwa; na akitaka, jibu lilichelewa kwa kuwa "hali ya hewa mbaya". Nilimwandikia hali nyingi mbaya za hewa. Sasa karani wa ofisi alimpigia simu katikati ya chakula cha jioni kumuuliza kwa nini amepunguza mwendo, naye alijibu huku ameshika kijiko.

Mwaka 1988 mataifa yakakubaliana juu ya mfumo mpya wa dharura na usalama baharini, uanze tarehe 1 Februari 1992 na ukamilike tarehe 1 Februari 1999. Meli izame, boya lenye redio lijifungue lenyewe, lielee na kuita setilaiti. Ofisa wa daraja abonyeze kitufe kimoja chekundu, ujumbe utoke na namba ya utambulisho ya meli na mahali ilipo. Hapakuhitajika tena mtu wa kugonga. Miaka ile ya mwanzo vitufe vilibonyezwa ovyo, na nyingi ya ishara zilizopokelewa zilikuwa za uongo, lakini hesabu ya wenye meli ilikuwa imeshafungwa: chumba kimoja kinabaki wazi, mshahara mmoja unapungua. Barua yangu ilikuja ikiwa na aya mbili. Kituo kikubwa cha Portishead huko Uingereza, ambacho kwa miaka mingi kilipokea meli kutoka bahari zote, kilifungwa mwaka 2000.

Nilirudi Mombasa nikawa fundi wa vifaa vya meli, Kilindini na Bandari ya Kale. Hapo ndipo nilipoanza kusoma vibati vya majina. Meli moja kuukuu niliyoihudumia ilikuwa na dira ya sumaku ya C. Plath ya Hamburg, kampuni iliyoanza mwaka 1862; dira ya jairo ya Sperry, iliyoanza Brooklyn mwaka 1910; na rada ya Decca. Mahasimu watatu kwenye daraja moja. Ilipofika mwaka 1997 wote watatu walikuwa chini ya Litton ya Marekani, na mwaka 2001 Litton yenyewe ikamezwa na Northrop Grumman, watengenezaji wa ndege za kivita. Ukitafuta spea ulikuwa unaandika barua kwa mjukuu wa kampuni, na mjukuu hakumjua babu. Marconi ilikuwa tayari mikononi mwa GEC tangu mwaka 1968. Mwaka 1999 GEC ikauza kiwanda chake cha silaha, ikavaa jina la Marconi, ikaingia kwenye biashara ya mitandao ya simu, na mwaka 2001 hisa zake zikaporomoka. Sehemu kubwa ya kilichobaki, pamoja na jina, ilikwenda kwa Ericsson ya Sweden mwaka 2006. Vibati vya shaba vimeishi kuliko wenyewe. Ninavyo viwili kabatini, na mke wangu ameshauliza mara nyingi ni vya nini.

Siku hizi daraja la meli ni skrini. Ramani za karatasi zimetoka, na kati ya mwaka 2012 na 2018 meli kubwa zililazimishwa kwa awamu kufunga ramani za kielektroniki. Ni chombo kizuri, sitakisema vibaya. Nahodha anaona meli yake ikitembea juu ya ramani yenyewe. Lakini ramani hizo hazinunuliwi. Hulipiwa kwa muda, na muda ukiisha skrini inatoa onyo na masahihisho mapya hayaingii. Nilipoelezwa hivyo mara ya kwanza nilimkumbuka mwalimu wangu na kodi ya Chelmsford. Tofauti ni kwamba ile kodi ilikuja na mtu ndani yake.

Mpwa wangu ndiye anayefanya kazi hii sasa. Anapanda melini na laptopu na waya mmoja, na sehemu kubwa ya mtambo haruhusiwi kuigusa mpaka kiwanda kimtumie neno la siri. Mwezi uliopita alifika gatini Jumapili asubuhi kwenye meli iliyotakiwa kuondoka na maji ya jioni. Tatizo alilijua kabla hajaketi. "Mjomba, ni kadi moja tu, na kadi ninayo mkononi," aliniambia kwa simu. Ulaya walikuwa wamelala. Neno la siri lilikuja Jumatatu saa nne asubuhi, kadi ikafungwa kwa dakika kumi, na mwenye meli akalipia gati siku nzima ya ziada.