Kisu cha Baba na Deni la Ulimi



Majuma machache yaliyopita wengi wenu mlisikia kutoka kwetu, kwa simu na kwa jumbe za ukoo, kwamba kisu cha marehemu baba kimevunjwa. Mlisikia pia jina la aliyekivunja. Habari ya kwanza ilikuwa kweli. Ya pili haikuwa. Kwa kuwa kosa lilitoka vinywani mwetu likafika Kisauni, Likoni na hata Malindi, tumeona si haki masahihisho yake yabaki ndani ya vyumba vyetu viwili hapa Kawangware. Ndiyo sababu tumeomba nafasi katika jarida hili.

Kisu chenyewe mnakijua. Ni kisu cha kukunja, aina ya Okapi, chenye mpini wa mti uliopambwa kwa mwezi na nyota za madini, na pete ndogo ya kuvuta unapotaka kukikunja. Visu vya aina hiyo vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, ili viuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Jina lake ni la mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1901, ingawa wenyeji wa msitu walimjua tangu zamani. Baba alikinunua Mombasa katika miaka aliyokuwa akifanya kazi bandarini Kilindini. Alikatia kamba, akamenyea maembe, na jioni mama alikiazima kuchania ukindu. Kila Ijumaa alikipaka mafuta kidogo, kwa sababu chuma chake ni cha zamani, kinachoshika makali vizuri na kushika kutu upesi. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, kisu kilitufikia sisi, nasi tukaja nacho Nairobi.

Mnajua pia kwamba tunaishi na mpwa wetu, aliyefiwa na wazazi wake wote wawili, naye sasa yumo shule ya sekondari. Jioni moja alikitumia kisu hicho kutoboa tundu katika mkanda wa begi lake la shule. Ncha ikakatika, kipande cha kadiri ya ukucha wa kidole gumba. Hakukificha. Alikuja mwenyewe, kisu mkono mmoja na kipande mkono wa pili, akasema: "Mjomba, shangazi, nilikuwa natoboa mkanda tu. Sikutia nguvu."

Hatukumsadiki. Tulimjibu kwamba mkanda wa begi hauvunji chuma, kwamba bila shaka alikuwa akibandulia kitu, na kwamba mwenye adabu hagusi amana ya babu yake bila idhini. Tulisema mengi, na usiku ule ule tukayarudia kwa simu, yeye akiwa upande wa pili wa pazia anasikia. Kwa siku tatu alikula kimya na kuosha sahani yake kimya. Siku ya nne alituuliza nauli ya basi mpaka Mombasa ni kiasi gani, kwani alitaka kurudi kwa nyanya yake.

Jumamosi tulikwenda naye kwa fundi. Tulikifunga kisu ndani ya gazeti tukakitia kikapuni, kwa sababu kijana akionekana na kisu mfukoni katika njia za Kawangware, hakuna atakayemwuliza kama ni cha babu yake. Karibu na kituo cha Kongo, kando ya barabara ya Naivasha, yuko mzee anayenoa visu, mapanga na mikasi ya washonaji kwa jiwe la mduara alilolifunga juu ya baiskeli. Hukaa juu ya tandiko, akakanyaga, na jiwe likazunguka. Tulikuwa tumebeba na kile kipande kilichokatika, tukidhani atakichomelea mahali pake.

Mzee alicheka kidogo kwa upole. Alisema ncha ya kisu ni nyembamba mno kuvumilia moto wa kuchomelea, na hata ikishika, joto lile huua ugumu wa chuma pande zote mbili za kiungo, kisha kisu hukatika tena palepale. Ncha iliyokwenda imekwenda. Mpya hutolewa katika chuma kilichosalia. Kisha akakiinua kisu kwenye jua, akalitazama pale palipokatika, akauliza: "Nani alifungulia kitu kigumu kwa kisu hiki?"

Sote wawili tulimgeukia kijana. Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, si juzi. Njoni muone."

Tuliinama tukaona. Nusu ya mvunjiko, upande wa mgongo wa kisu, ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, kama sukari guru. Nusu ya pili, upande wa makali, ilikuwa nyeupe na inang'aa. Akatueleza kwamba hudhurungi ile ni kutu ya ufa wa zamani, ufa mwembamba ambao jicho halikuuona lakini unyevu uliuingia kwa miezi. Ile nyeupe ndiyo iliyokatika wiki hii. "Kilikuwa kimekatika nusu kabla mtoto hajakigusa," alisema. "Hata kwa embe kingevunjika."

Hapo ndipo tulipokumbuka. Mwezi wa Shaaban tulipaka nyumba rangi ili Ramadhani itukute katika usafi. Kifuniko cha mkebe wa rangi kilikataa kufunguka. Mmoja wetu aliushika mkebe, mwingine akaingiza ncha ya kisu cha baba chini ya kifuniko akakikandamiza. Tulisikia mlio mdogo. Tulikitazama kisu, hatukuona kitu, tukakikunja. Hatutaandika nani alishika mkebe na nani alishika kisu. Tulikuwa wawili, na mlio tuliusikia wote wawili.

Tulimwomba kijana radhi palepale, mbele ya fundi na mbele ya mama mmoja aliyeleta visu vyake vya kukatia sukumawiki. Alitazama chini akasema, "Haidhuru," kwa sauti ya mtu aliyedhurika. Kisha akamgeukia mzee na kumwuliza kama anaweza kumsaidia kazi.

Mzee alimpa kopo la maji na kumweleza kila hatua, nasi tukasikiliza. Kosa la kwanza la wengi, alisema, ni kunoa kutoka upande wa makali kwenda juu, kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kupata ncha. Kisu cha jikoni kitavumilia, lakini cha kukunja hakifai hivyo: ncha mpya itabaki juu, sawa na mgongo, na kisu kikikunjwa itatokeza nje ya mpini na kumchoma mwenye mfuko. Sharti mgongo ndio ushuke. Unasagwa kidogo kidogo kwa mteremko mpaka ukutane na makali pale yaliposalia mazima, na makali yenyewe hayaguswi mpaka mwisho.

Kosa la pili ni haraka. Ncha ni nyembamba, hivyo hupata moto kabla ya sehemu nyingine zote. Chuma kikipita kiasi huanza kugeuka rangi: kwanza manjano ya majani makavu, kisha hudhurungi, kisha zambarau, na kikifika nyuzi 300 hivi za selsiasi huwa samawati. Samawati ikionekana, ugumu umepungua, na makali ya mahali hapo hayatakaa tena. Kwa hiyo mzee alisaga kwa kadiri ya kuhesabu mpaka tatu, akakitia kisu majini, akakigusa kwa kidole, akasaga tena. Kijana alimwagia jiwe maji na kumwambia kila alipoona rangi inabadilika. Mara moja tu alipaza sauti, "Mzee, manjano!" na mzee akakitoa kisu upesi na kumsifu kwa jicho lake.

Mwishowe walikikunja kisu, na kijana akapitisha kidole juu ya mpini kuona kama ncha inatokeza. Haikutokeza. Ndipo mzee akaleta kinoo cha mkono, akayafuata makali kutoka shinani mpaka kwenye ncha mpya, akapangusa na kupaka tone la mafuta. Kazi yote ilichukua kama nusu saa, nasi tukalipa shilingi 200. Kisu sasa ni kifupi kuliko alichokijua baba, na mgongo wake una mteremko ambao haukuwapo. Lakini kinakata, na kinakunjika bila kumdhuru mtu.

Tumejifunza tangu chuoni kwamba Qur'ani inatuamrisha kuihakikisha habari inayoletwa na mpotovu, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Sisi tulimtilia shaka aliyesema kweli, na hatukuhakikisha chochote. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake tangu jioni ya kwanza, kipande kidogo chenye rangi mbili, na hakuna kati yetu aliyekitazama. Aliyekitazama ni mtu asiyetujua, kwa sababu hakuwa na hasira.

Usiku ule tuliwapigia simu wale tuliowapigia mwanzo, mmoja mmoja, kijana akiwa ameketi nasi, pazia limefunguliwa. Tumegundua kwamba lawama huenda kwa simu moja tu, kisha watu huisambaza wenyewe. Masahihisho hayasambazwi na mtu. Yule tuliyempigia huyapokea, akasema "Alhamdulillahi", yakaishia kwake. Kwa hivyo tumeandika.

Kijana hajauliza tena nauli. Bado si mwepesi wa maneno kama zamani, wala hatumharakishi. Kisu kimo katika droo ya jikoni, na yeye ndiye tuliyempa kazi ya kukipaka mafuta kila Ijumaa. Inshallah likizo ya Desemba tutakuja naye pwani kuwasalimu, kisha tutarudi naye. Mkimwona, ndugu zetu, msimwulize habari za kisu. Tuulizeni sisi.

Wabillahi tawfiq.