Galoni Yenye Jina la Uongo

Ndugu msomaji, kuna makosa ambayo mtu hupenda kuyazika, na kuna mengine ambayo ni heri ayasimulie ili wenzake wajihadhari. Hili langu ni la aina ya pili. Mimi ni fundi wa mitambo mikubwa ya dizeli, na kwa miaka mingi nimejivunia kwamba nikisikiliza injini huujua ugonjwa wake. Lakini Diff ilinifundisha adabu.

Diff ni mji mdogo ulioko Wajir Kusini, karibu na mpaka wa Somalia. Huko maji ndiyo maisha. Oktoba 2023 nilitumwa kutunza tingatinga la kuchimbua bwawa la kunyweshea mifugo. Misimu mitano ya mvua ilikuwa imekosekana mfululizo kati ya 2020 na 2022, na ngamia wengi walikuwa wamekufa. Sasa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba mvua za El Nino zaja. Wazee walikuwa wakija kila asubuhi kulitazama shimo. Swali lao lilikuwa moja tu: je, mtamaliza kabla ya mvua?

Nilifanya matengenezo ya kawaida, nikaondoka kwenda Garissa. Baada ya siku chache nikapigiwa simu. Taa ya onyo imewaka, mtambo umepoteza nguvu, hauwezi hata kuinua ndoo yake iliyojaa udongo. Nikageuza safari.

Hapa yafaa nikueleze jambo moja, hasa wewe mwanafunzi wa kemia. Injini nyingi za kisasa za dizeli zina tangi la pili, dogo, ambalo haliwekwi mafuta. Huwekwa maji ya yurea, ambayo madereva wengi huyaita AdBlue. Yurea ni ile ile wanayoijua wakulima kwa jina la mbolea, ila hii ni safi zaidi, na ya shambani haifai kabisa hapa. Katika kila sehemu 100 za maji hayo kwa uzito, yurea ni 32.5, na sehemu zilizobaki ni maji yaliyoondolewa chumvi zote. Yakinyunyizwa ndani ya bomba la moshi lenye joto kali, hugeuka kuwa amonia. Amonia ikikutana na gesi chafu za naitrojeni juu ya kichocheo, zote hugeuka kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Hivyo moshi hutoka ukiwa umepungukiwa sana na ile sumu inayoumiza mapafu.

Kompyuta ya mtambo huulinda mpango huu kama askari wa lango. Maji hayo yakiisha, yakichafuka au yakizimuliwa, huwasha taa, kisha huipunguzia injini nguvu, na mwishowe huiachia uwezo wa kunguruma tu.

Nilipofika nilifuata utaratibu wangu: anza na kilicho rahisi, malizia na cha bei ghali. Kiwango cha maji tangini kilitosha. Kwenye viungo vya mipira hapakuwa na ule ukoko mweupe kama chumvi unaoonyesha mvujo. Nyaya zilikuwa nzima, panya hawakuzitafuna. Hakukuwa na harufu kali ya amonia, ambayo huja maji yakiharibiwa na joto. Hilo nililihofia kwa sababu yakikaa mahali penye nyuzi 35 mfululizo, maisha yake hushuka hadi miezi 6 hivi, na jua la Diff unalijua au umelisikia.

Kisha nikatoa refraktometa, kile kikopo cha kupimia kwa mwanga. Unadondosha tone moja juu ya kioo, unachungulia kwenye nuru, na mstari unakuambia kiasi cha yurea. Mstari ukasimama kwenye 28 na kidogo. Nilijua papo hapo: mtu ametia maji ya kawaida.

Kazi ya kujaza tangi hilo ilikuwa ya kijana mmoja wa pale pale Diff, msaidizi wa dereva. Nilimwita, nikamuuliza mbele ya watu. Akajibu kwa upole, "Fundi, wallahi sikutia maji. Nilitia dawa ya kwenye galoni." Nami, badala ya kuuliza galoni gani, nikacheka kwa dharau. Nikamwambia kipimo hakidanganyi. Msimamizi akamfukuza kazi saa ile ile. Kijana alivaa kandambili zake akaenda, bila kugeuka nyuma.

Jioni ile rafiki yangu mmoja wa kazi alinishauri kwa simu: "Kwa nini ujisumbue? Mtafute mtu aifute hiyo programu, injini ifanye kazi bila dawa." Nilishawishika, nakiri, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Lakini nilikumbuka yaliyoikuta Volkswagen. Septemba 2015 Marekani iligundua kwamba kampuni hiyo iliweka programu iliyosafisha moshi wakati wa ukaguzi na kuuachilia mchafu barabarani. Ilitozwa mabilioni ya dola. Kama jitu lile halikuponyoka, mimi fundi wa bisibisi ni nani? Na tena moshi ule angeuvuta nani, kama si watoto wanaochunga mbuzi kando ya shimo?

Usiku sikulala. Nilikuwa nikipiga hesabu kichwani. Tangi ni la lita 40. Lita 35 za dawa nzuri zikichanganywa na lita 5 za maji, hutoa 28 na kidogo. Lita 5! Hiyo ni nusu ya galoni ya lita 10. Moyo ulinipasuka. Nilikumbuka kwamba siku ile ya matengenezo niliokota galoni tupu ya AdBlue, nikaitia maji ya kisima ninawe grisi mikononi. Nilitumia nusu. Kisha nikaifunga vizuri, nikaiweka kivulini pamoja na zile zilizojaa.

Kulipokucha nilikwenda na kurunzi hadi kwenye rundo la galoni. Nikaipata, ina alama za vidole vyangu vya grisi. Tone lililobaki chini yake nililitia kwenye refraktometa. Mstari ukakaa karibu na sifuri. Kijana alisema kweli tupu: alitia kilichokuwa kwenye galoni. Aliyeandika uongo juu ya galoni ile ni mimi.

Sikusubiri chai. Nilimwendea kwao, nikakuta baba yake na wazee wawili wameketi mkekani. Nilimwomba radhi mbele yao, kama nilivyomwaibisha mbele ya watu. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Fundi, ulipima maji, hukumpima mtu." Sikuwa na jibu.

Tulirudi pamoja. Tulimwaga maji yote tangini, tukasuuza kwa dawa safi, maana maji ya kisima yana chumvi inayoziba pua ya kunyunyizia na kukiharibu kichocheo. Tukabadilisha chujio, tukajaza kutoka galoni zenye lakiri. Injini ilinguruma kama saa moja hivi, taa ikazimika. Aliyepima kwa refraktometa mara ya mwisho ni kijana mwenyewe: 32.5. Bwawa lilikamilika siku chache kabla ya mvua. Novemba, mafuriko yalipokata barabara kule Garissa, bwawa lile lilikuwa limejaa hadi ukingoni.

Msomaji, huenda huna tingatinga nyumbani. Lakini je, huna chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa? Huna kopo la siagi lenye dawa ya panya? Chombo chenye jina la uongo hakichagui mtu wa kumdhuru. Kibandue kibandiko, au andika upya, leo hii kabla hujalala. Na siku kitu kitakapoharibika, kabla hujamnyooshea kidole msaidizi wa nyumbani au mtoto, muulize swali ambalo mimi sikuuliza: galoni gani?