Kadi ya Grafiki na Mabati ya Jiko



Wazazi wenzetu na wanafunzi, leo tunawaletea kisa kidogo cha nyumbani kwetu hapa Kanama.

Kompyuta yetu ya mezani ni Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba, aina iliyotoka mwaka 2012. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilipoua watu zaidi ya 130 nchini na mto Sebeya ukafurika hadi kwetu, ndiyo kitu cha kwanza tulichokitoa baada ya watoto. Jiko la uani lilikwenda na maji. (Godoro pia, na bado tunakumbushwa.)

Tangu hapo kijana wetu mkubwa ana hamu moja tu, kuchora nyumba. Akaweka Blender, programu ya bure kabisa, ikakataa kufunguka. Tulidhani ni virusi. Kumbe matoleo yake ya sasa yanataka OpenGL 4.3, na grafiki ya Intel iliyomo ndani ya prosesa yetu, i5-3470, kwenye Windows inaishia 4.0. Hapo hata ukiongeza RAM hupati kitu. Inatakiwa kadi.

Lakini si kila kadi itaingia. Kasha lenyewe ni jembamba, kwa hiyo kadi iwe ya kimo kifupi. Pawasapulai yake ni ya wati 240 tu, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itegemee umeme wa sloti, ambao hauzidi wati 75. Tukachagua GT 1030, inayokula wati 30. Ndugu, hapa fungueni macho: jina hilo moja lina kadi mbili. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya DDR4 hupitisha 16.8. Muuzaji akisema ni zilezile, mwombe asome boksi.

Pesa ilikuwa ya mama yake, ya viazi anavyouza soko la Mahoko. Alikuwa akiiweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Alitoa bila kusema neno, na hilo lilitutisha kuliko angelalamika.

Baada ya Isha tukachomoa waya, tukabonyeza swichi umeme uliobaki uishe, tukafungua kasha. Vumbi! Tukalipangusa kwa brashi ya rangi. Tukabadilisha bati refu la kadi kwa lile fupi, tukaisukuma kwenye sloti hadi ikalia ta, tukafunga, tukawasha.

Giza. Feni inazunguka, skrini nyeusi.

"Baba, tumeiua?"

Hatukumjibu. Tulikuwa tunahesabu mabati.

Tulichomoa na kuchomeka mara nne usiku ule. Asubuhi ndipo mwalimu mmoja jirani alipopita, akatazama nyuma ya kompyuta, akacheka. Waya wa skrini tulikuwa tumeurudisha palepale pa zamani, kwenye VGA ya madabodi, na kompyuta hizi zikiona kadi huzima tundu hilo. Kadi yenyewe ina HDMI na DVI ya kidijitali tu, skrini yetu inajua VGA peke yake. Akatuazima kigeuzi cha HDMI kwenda VGA anachotumia na projekta yake. Picha ikaja, alhamdulillah. Kigeuzi chetu tulinunua wiki iliyofuata, na bei yake hatukuwa tumeipigia hesabu.

Madereva yakawekwa, Blender ikafunguka. Si kadi ya ajabu. Picha moja kamili yenye vivuli humchukua kijana muda wa kwenda kuchota maji na kurudi. Ila kugeuza nyumba huku na huku, inakwenda vizuri.

Mchoro wake wa kwanza ni jiko, msingi wa mawe, limeinuliwa juu ya maji. Mama yake akalitazama kwa muda mrefu, akauliza moshi utatokea wapi. Kijana bado anarekebisha paa.