Aliyeshika Kamba



Kila mwaka msimu wa maonyesho ya kilimo unapokaribia, watoto huanza kuhesabu siku, nao wazazi huanza kuhesabu shilingi za kiingilio. Sisi nasi tuliwahi kuwa watoto wa namna hiyo. Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi historia ya maonyesho hayo, kwa kuwa ndani yake mna jambo linalotuhusu sote: nani huonekana, na nani hubaki katika kivuli cha anayeonekana.

Chama cha Kilimo cha Kenya, ambacho wengi wetu hukijua kwa herufi zake tatu, ASK, kiliasisiwa mwaka 1901 kikiwa chama cha kilimo na bustani cha Afrika Mashariki. Ni mwaka uleule reli ya kutoka Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika Nairobi mwaka 1902, mji ukiwa bado mchanga kabisa. Waanzilishi walikuwa walowezi, na nia yao ilikuwa kukutana, kulinganisha mifugo na mbegu, na kumtuza aliyefanya vizuri. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni: ilikuwa shule ya aina yake. Ng'ombe wa kigeni walikufa kwa ndigana, ngano ikaharibiwa na kutu, na mkulima aliyepata hasara alipata mahali pa kumwuliza mwenzake alivyofanya.

Hata hivyo, mlango wa shule hiyo ulikuwa mwembamba. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 iliwawezesha walowezi kukodishiwa mashamba kwa miaka 999. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka Waafrika walioishi katika mashamba hayo wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 mifugo ya Waafrika hao ilipunguzwa kwa nguvu, na wazee wetu wakaliita tendo hilo Kifagio, kwa maana lilifagia mazizi. Hivyo mtu aliyemjua ng'ombe kuliko wote shambani aliruhusiwa kumchunga, kumkamua na kumwogesha wa bwana wake, huku wa kwake mwenyewe wakihesabiwa na kupunguzwa.

Babu yetu alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa mkamuaji katika shamba la mlowezi huko Bonde la Ufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikabidhiwa fahali amwandae kwa maonyesho. Kwa miezi mitatu alimwogesha, akamchana mkia, akamfundisha kutembea kwa kamba bila kushtushwa na watu. Siku ilipofika aliamka saa nane za usiku kumsafisha kwato. Fahali alishinda. Utepe ulifungwa kwenye hatamu, kikombe kikapokelewa na mwenye shamba, na karatasi ikachapishwa yenye jina la fahali, la baba yake fahali na la mama yake. Jina la babu halikuwamo. Alikuwa akitusimulia bila hasira, akimalizia daima kwa maneno yaleyale: "Fahali alikuwa na ukoo, mimi nilikuwa na kamba."

Nyakati zilibadilika. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia Waafrika wengi zaidi kilimo cha kahawa na ufugaji wa ng'ombe wa gredi, ijapokuwa si kila mmoja alifikiwa. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, chama kile kiliacha neno la Kifalme lililokuwa katika jina lake, na viwanja vyake vikajaa wananchi. Watoto wa shule walijiunga na vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, wakajifunza kupanda vitalu vya mboga na kufuga sungura.

Katika miaka ya 1970 babu alitupeleka kwenye maonyesho, sisi wajukuu wake. Sisi tulitaka bembea na miwa. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye uwanja wa ng'ombe, akasimama juani mpaka gwaride likaisha. Kisha alimwendea kijana aliyemshika fahali mshindi, akamwuliza jina lake na jina la baba yake, akatuamuru tuyaandike katika daftari. Hakutueleza sababu. Daftari lile lilipotea zamani, na majina yale tumeyasahau, jambo linalotuaibisha hadi leo.

Tunaandika haya kwa sababu kamba ile haijakoma kushikwa na watu wasiotajwa. Tazameni mashamba yetu ya kahawa. Mara nyingi mama ndiye apaliliaye na kuchuma, naye hubeba gunia hadi kiwandani. Lakini namba ya uanachama katika ushirika ni ya mume, na malipo huja kwa jina lake. Kijana aliyeajiriwa kukamua ng'ombe wetu tunamwita "kijana" mwaka mzima, wakati ng'ombe tumempa jina.

Nasi hatujitoi katika lawama. Kila Jumapili ya mavuno, vikapu vinapoletwa mbele, tumekuwa tukisoma majina ya wakuu wa familia peke yao, miaka nenda miaka rudi, bila kujiuliza ni mikono ya nani iliyojaza vikapu hivyo. Mwaka huu tunaomba kila familia ituletee karatasi yenye majina ya wote waliolima: mke, watoto, vibarua, na mkamuaji. Tutayasoma yote, hata ibada ikirefuka.

Na mkienda kwenye maonyesho, msitosheke na kumtazama fahali. Mwulizeni jina aliyeshika kamba. Tena msiliandike katika daftari la mtoto, kama ilivyokuwa kwetu. Lishikeni ninyi wenyewe.