Euphrase Kezilahabi: Kutoka Namagondo hadi Mzingile

Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, katika kisiwa cha Ukerewe. Masomo ya sekondari aliyapata katika seminari ya Nyegezi, karibu na mji wa Mwanza, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1970. Ukerewe ilikuwa tayari na mwandishi wake mkubwa, Aniceti Kitereza, ambaye riwaya yake ilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945 lakini ikachapishwa, kwa Kiswahili, mwaka 1980. Kezilahabi hakusubirishwa hivyo.

Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Ni habari za binti wa Namagondo anayelelewa kwa ukali na kuharibikiwa mara tu anapokuwa mbali na macho ya baba. Kwa muda ilipigwa marufuku shuleni. Baadaye ikawa kitabu cha kiada. Zilifuata Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), inayovisaili vijiji vya ujamaa. Diwani yake Kichomi (1974), isiyofuata vina na mizani, ilizua ubishi mkali miongoni mwa washairi.

Baada ya Gamba la Nyoka ilipita miaka kumi na moja bila riwaya. Ndipo aliposomea shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, akiandika juu ya falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi, na kuhitimu mwaka 1985.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni vitabu vyembamba, hata kurasa mia havifiki, lakini ndivyo vilivyoigeuza riwaya ya Kiswahili. Kijiji, shule na ofisi ya serikali vimetoweka. Katika Nagona msimulizi husafiri mahali pasipo kwenye ramani na kuwakuta akina Plato, Darwin, Marx na Nietzsche. Katika Mzingile anatumwa kwa mzee anayeishi peke yake, akampashe habari kwamba mwanawe amefariki. Mzee huyo ni Mungu, au aliyebaki badala yake. Mwanafunzi wa seminari hajifichi hapa. Kisha dunia inateketea, na wachache waliosalia hawana budi kuanza upya. Wahakiki huziita riwaya za kihalisiajabu. Bunilizi ya kisayansi hasa si jina lake: hamna mitambo wala safari za angani, na ajabu zake zina asili katika ngano na visasili. Ni ngumu kusomeka, na ugumu huo ni wa makusudi. Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila (2002) imepita njia hiyohiyo.

Kezilahabi hakuchapisha riwaya nyingine. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, akafundisha huko kwa miaka mingi, na mwaka 2008 akatoa diwani ya tatu, Dhifa. Alifariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Tafsiri ya Kiingereza ya Rosa Mistika, iliyofanywa na Jay Boss Rubin, ilitoka mwaka 2025.