Mti Uliogeuka Jiwe

Msafiri atokaye Mbarara kwenda Nakivale huiacha nyuma migomba, akaingia katika vilima vya nyasi walishwapo ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu. Makazi haya ya wakimbizi, wilayani Isingiro, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, yaliwapokea Wanyarwanda kiasi cha mwaka 1960. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo.

Nilikwenda huko kikazi. Mvua ilipokunya, mama mmoja mzee kutoka Ituri alinikaribisha kwake. Karibu na meko nikaona kipande cha gogo, nikadhani ni kuni. Nilipokiinua nilishangazwa na uzito wake. Kilikuwa jiwe, baridi kabisa, lakini nyuzi za mti zilionekana wazi.

"Kimetoka kwetu, kando ya Ziwa Albert," akasema. "Marehemu mume wangu ndiye aliyekiokota. Tulipokimbia nilibeba mtoto, sufuria na hiki."

Wako wadhanio kuwa mti wa namna hii umelaaniwa. Sivyo. Mamilioni ya miaka iliyopita mti ulianguka, ukafukiwa upesi na tope au majivu ya volkeno. Kwa kukosa hewa, haukuoza. Maji ya ardhini yakaleta silika, madini yaliyomo katika mchanga na kioo, yakapenya katika kila kitundu cha mti na kuacha chembe baada ya chembe, hata umbo lote likashikwa na jiwe. Nchini Kenya, katika Hifadhi ya Sibiloi mashariki ya Ziwa Turkana, magogo ya namna hiyo yangali yamelala jangwani.

Nikamwambia mama kuwa jiwe lake ni mfano wa watu wake: wamefukiwa na mashaka, lakini umbo lao halikupotea. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, jiwe halichipui. Hili nalitunza nikumbuke. Wajukuu wangu sitaki wawe mawe."

Kisha akanionyesha, nyuma ya nyumba, miche mitatu ya miembe aliyoizungushia miiba ili mbuzi wasiile.

Niliporudi Mbarara maneno yale yalikuwa yangali nami. Ninyi askari na jamaa zenu, mnaohamishwa kambi hata kambi, mtayaelewa kuliko wengi. Kumbukumbu ya kwenu itunzeni isioze. Lakini hapo mlipo leo, pandeni mti.