Alama Moja ya Nectanebo

Swali lile nililitunga mwenyewe. Nililiandika kwa wino mwekundu kwenye kadi, na nyuma ya kadi nikaandika jibu: Cleopatra. Ilikuwa chemsha bongo ya shule yetu, mwaka 2008. Timu mbili zilikuwa zimebaki jukwaani, alama zimelingana, na swali la mwisho ndilo lingeamua kamusi mpya ziende kwa nani. Nikasoma: "Ni nani aliyekuwa farao wa mwisho mzawa wa Misri?"

Binti mmoja wa kidato cha pili akanyoosha mkono kabla sijashusha kadi. "Nectanebo wa Pili."

Ukumbi ukaangua kicheko, maana jina lenyewe hawakuwahi kulisikia. Nami nikacheka pamoja nao. Nikasema siyo, nikawageukia wapinzani wake. Wakajibu Cleopatra, wakapigiwa makofi, wakachukua kamusi. Yule binti alibaki amesimama. "Lakini mwalimu, Cleopatra si alikuwa Mgiriki?" Nikamwambia akae.

Usiku ule ule, nyumbani, nilifungua kitabu. Ukurasa mmoja ulitosha. Cleopatra alizaliwa Misri, lakini ukoo wake ulianzia kwa Ptolemy, jemadari wa Makedonia aliyejitwalia nchi baada ya kifo cha Alexander Mkuu. Mwandishi wa kale Plutarch anaeleza kwamba watawala waliomtangulia hawakujihangaisha hata kujifunza lugha ya wenyeji. Cleopatra alikufa mwaka 30 KK. Kufikia hapo, Nectanebo wa Pili, mfalme wa tatu na wa mwisho wa nasaba ya 30, alikuwa amekwisha kupokonywa nchi yake kwa zaidi ya miaka 300. Baada yake wapo walioasi na kujiita mafarao, kama Khababash, lakini hawakudumu. Binti alikuwa amejibu sawasawa.

Asubuhi alikuja ofisini kwa walimu, amekumbatia kitabu kinene alichoazima maktaba, kipande cha karatasi kimechomekwa katikati. "Shikamoo mwalimu. Nimekuletea lile jibu." Walimu wenzangu walikuwepo, chai mkononi. Nilikuwa najua kila kitu kilichoandikwa kwenye ukurasa ule. Nikamjibu, "Matokeo yameshatangazwa, mwanangu. Nenda darasani." Akaenda.

Hilo ndilo kosa langu. La ukumbini lilikuwa la kutojua, na mtu yeyote anaweza kuteleza. La ofisini nililifanya macho makavu.

Tangu hapo nimeisoma nasaba ile kama mtu anayelipa deni mahali pasipo na mdai. Ilitoka Sebennytos, mji wa delta ya Nile ambao leo unaitwa Samannud. Nectanebo wa Kwanza alikuwa mwanajeshi aliyetwaa kiti mwaka 380 KK. Mwaka wake wa kwanza alitoa amri kwamba sehemu moja ya kumi ya ushuru wa bidhaa zilizoingia kutoka bahari ya Wagiriki iende kwenye hekalu la mungu Neith, mjini Sais. Amri hiyo ilichongwa kwenye mawe mawili. Moja liliibuliwa na wazamiaji kutoka chini ya bahari, mahali palipokuwa bandari ya Thonis-Heracleion, na maandishi yake bado yanasomeka.

Mwaka 373 KK Waajemi walikuja kuirudisha Misri mikononi mwao, wakiwa na askari wa kukodiwa wa Kigiriki chini ya Iphicrates wa Athens. Iphicrates alitaka waivamie Memphis upesi kabla haijajipanga. Pharnabazus, jemadari wa Kiajemi, hakukubali. Wakavutana hata Nile ikafurika, wakarudi walikotoka. Napenda sana kuwaza mto ukiitetea nchi yake hivyo. Teos, aliyefuata, alitoza watu na mahekalu kodi nzito ili awalipe Wagiriki, akaenda vitani Shamu, na huko nyuma ndugu zake wakampindua wakamsimika Nectanebo wa Pili.

Huyu alitawala miaka kama 18, na kila nilipozidi kumsoma ndivyo nilivyozidi kuona aibu kwa kicheko changu. Alijenga kote nchini. Kule Behbeit el-Hagar, kwenye delta ambako hakuna machimbo ya mawe, alimjengea Isis hekalu la matale, mawe magumu yaliyoletwa kutoka kusini kabisa mwa Misri kwa njia ya mto. Aliwazuia Waajemi mara moja. Waliporudi na Artaxerxes wa Tatu, mwaka 343 KK, ngome za delta zikaanguka moja baada ya nyingine, naye akakimbilia kusini. Jeneza lake la jiwe lilikuwa limekwisha kuchongwa.

Jeneza hilo nimeliona. Mwaka 2014 nilikwenda Uingereza kwa kozi fupi ya walimu, na siku ya mapumziko nikaingia British Museum. Ni jiwe moja lenye urefu wa zaidi ya mita 3 na uzito wa takriban tani 7, lina mchanganyiko wa kokoto za kijani na kahawia. Limechongwa ndani na nje, mistari myembamba kama ya sindano, likionyesha safari ya jua chini ya dunia wakati wa usiku. Nikainama. Karibu na chini yake kuna matundu yamepekechwa, nikayahesabu kwa kidole hewani: 12.

Nimekulia pwani. Sikuhitaji kusoma kibao kujua matundu yale ni ya nini. Ni birika. Jeneza lilikaa karne nyingi katika msikiti wa Attarine, Alexandria, watu wakitawadhia. Wafaransa wa Napoleon walilichukua, na mwaka 1801 Waingereza wakalitwaa kwao pamoja na Jiwe la Rosetta. Msomi mmoja, Edward Daniel Clarke, aliandika kitabu mwaka 1805 kutetea kwamba ni kaburi la Alexander. Jina la Nectanebo lilikuwa limechongwa pale pale, ila wakati huo hapakuwa na mtu wa kulisoma. Msomi wa Kifaransa, Champollion, alikuja kuufungua mwandiko ule mwaka 1822, akitumia maandishi ya Rosetta. Clarke alimpa mgeni kitu cha mwenyeji kwa sababu maandishi yalikuwa bubu kwake. Mimi maandishi nililetewa hadi mezani, na kipande cha karatasi kikinionyesha ukurasa.

Nilisimama pale muda mrefu. Watoto wa shule fulani walipita na mwalimu wao, mmoja akauliza jambo, mwalimu akachutama kumsikiliza. Nikatoka.

Niliporudi nyumbani ilinichukua wiki mbili kupata namba yake ya simu, na wiki nyingine kuipiga. Sasa ni mama, anafanya kazi benki katika mji mwingine. Sauti yake niliitambua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwambia moja kwa moja kwamba siku ile ya chemsha bongo jibu lake lilikuwa sahihi, na alama ilikuwa yake na ya wenzake.

Alikaa kimya. Nilisikia mtoto akilia upande wake, naye akimbembeleza.

"Nilikuletea kitabu, mwalimu," akasema. "Hukukifungua."

"Sikukifungua," nikasema, nikamweleza sababu.